Zawadi Imefika: Barua ya Shukrani katika Kiswahili, kutoka Pwani hadi Nyakasanza

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo: jinsi mtu aliyeletewa zawadi anavyomwandikia aliyemletea ili kumshukuru. Barua za aina hii hazitunzwi katika hifadhi za nyaraka za serikali. Hutunzwa sandukuni, chini ya nguo za sikukuu, na mara nyingi hupotea mwenye sanduku anapofariki. Labda ndiyo maana watafiti wa historia na fasihi ya Kiswahili, ambao wameandika mengi kuhusu tenzi na tarihi, wameipita barua ya shukrani bila kusimama.

Hata hivyo, nyuma ya jambo hili dogo kuna tuhuma kubwa. Mwaka 1922 mwanafalsafa Mfaransa Lucien Lévy-Bruhl alichapisha kitabu chake La mentalité primitive, na ndani yake akatenga sura nzima kuhusu madaktari wa Kizungu na wagonjwa wao katika nchi za mbali. Akitegemea taarifa za wamisionari, zikiwamo za kutoka Kongo, alieleza ajabu moja iliyowasumbua sana waandishi hao: mgonjwa akishatibiwa bure na kupona, humrudia daktari, si kwa kumpa kitu wala kumshukuru, bali kwa kumwomba zawadi. Wamisionari wengi waliona hapo utovu wa shukrani ulio wazi. Lévy-Bruhl mwenyewe hakukubali kwamba ni utovu wa shukrani tu. Lakini maelezo aliyoyatoa badala yake, ya fikra zinazotofautiana kimsingi na fikra za Wazungu, hayakuwapa nafuu walioshutumiwa.

Tuhuma hiyo haijafa. Husikika hadi leo katika mazungumzo ya watu wa misaada, na husikika hata miongoni mwetu wenyewe, tunaposema kwamba watu wetu wakipewa hawaandiki hata neno moja. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba Kiswahili kina desturi ndefu ya kuandika shukrani, na kwamba desturi hiyo ina adabu yake yenyewe, ambayo haifanani na ile ya kadi ya shukrani ya Ulaya. Kadi ya Ulaya hufunga hesabu baina ya mtoaji na mpokeaji. Barua ya Kiswahili huiacha wazi kwa makusudi. Asiyelijua hilo atasoma barua ya adabu na kuiona ya ulafi.

Tumechagua kuifuata desturi hiyo hadi Nyakasanza, katika mji wa Bunia. Nyakasanza ni mtaa wa siku nyingi, wenye parokia ya Kikatoliki, na leo jina hilo ni la mojawapo ya komini tatu za mji, pamoja na Mbunya na Shari. Bunia ni makao makuu ya Ituri, iliyopata hadhi ya jimbo kamili mwaka 2015. Humo watu huzungumza nyumbani Kihema, Kilendu, Kibira, Kialuri, Kinande na lugha nyingine nyingi. Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi. Kilingala ni ya kambi ya jeshi na ya muziki. Na Kiswahili ni lugha ambayo jirani humwandikia jirani asiyekuwa wa kabila lake. Mahali ambapo zawadi huvuka mipaka ya lugha kila siku, swali la jinsi ya kushukuru haliwezi kuwa dogo.

Maneno yenyewe

Tuanze na maneno, kwani yana historia yake. Neno asante, ambalo watu wengi wa Kongo ya mashariki hulitamka aksanti, limetoka katika Kiarabu ahsanta, yaani "umefanya vyema". Kwa asili, basi, neno hili halielezi hisia za mpokeaji. Ni hukumu njema juu ya tendo la mtoaji. Aliyepewa husimama kama shahidi na kutamka kwamba tendo limekuwa zuri. Neno shukrani lina njia nyingine. Katika Kiswahili cha pwani kushukuru ni kwanza kumshukuru Mungu, na kuna hadithi ya Mtume inayojulikana sana isemayo kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu. Mtu huwa njia tu, lakini njia haidharauliwi.

Neno zawadi nalo lilianza safarini. Katika Kiarabu asili yake ni chakula cha njiani, masurufu ya msafiri. Katika Kiswahili likawa kitu anacholetewa mtu na msafiri anaporudi, kisha likawa kitu chochote kinachotolewa kwa wema. Karibu yake yapo tunu, hidaya, hiba, tuzo na kilemba, na kila moja lina mahali pake: kilemba cha mjomba wakati wa ndoa hakiitwi tunu, wala tuzo ya mwimbaji haiitwi hiba. Lugha inayopambanua hivyo aina za vipawa haiwezi kusemwa kuwa ya watu wasiofikiri juu ya kupokea.

Hali kadhalika lugha za jirani za Ituri. Mwaluri husema afoyo, neno lenye maana ya kusifu na kushukuru kwa pamoja. Mnande husema wasingya. Anayeishi Nyakasanza huyasikia maneno hayo yote katika asubuhi moja ya sokoni, pamoja na merci ya Kifaransa. Msomaji ataturuhusu kutaja kwamba merci yenyewe imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ujira au bei. Kama tungekuwa na desturi ya kupima roho za watu kwa asili za maneno yao, kama walivyofanya baadhi ya waandishi wa enzi ya ukoloni, sijui nani angeaibika.

Na wale wanaodhani kwamba utovu wa shukrani haukuwa aibu miongoni mwa Waswahili wakumbuke methali inayojulikana kutoka Lamu hadi Kisangani: shukrani ya punda ni mateke.

Waraka wa pwani

Kuandikiana barua kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu, ni jambo la kale. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa Goa nchini India, mara nyingi hutajwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Kufikia karne ya 19 waraka ulikuwa chombo cha kila siku cha wafanyabiashara, wanazuoni na watu wa majumbani. Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya namna hiyo mwaka 1892, zikiwamo barua nyingi, kwa ajili ya wanafunzi wa Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Mkusanyo huo ulikusudiwa kumfundisha Mjerumani kusoma mkono wa Mswahili, lakini kwetu una faida nyingine: unaonyesha jinsi barua ilivyokuwa na umbo ambalo mwandishi hakulibuni upya kila mara.

Umbo hilo linajulikana. Kwanza anwani ya heshima, mara nyingi kwa Kiarabu: kwa janabu sheikh, mpendwa, mheshimiwa, fulani bin fulani, Mungu amsalimishe. Kisha salamu. Kisha neno la kugeuza mwendo, ama baada ya salamu, na baada yake hali ya mwandishi: mimi mzima, wa ila hali yako. Ndipo huja sentensi ambayo kwa maoni yetu ndiyo moyo wa barua ya shukrani: waraka wako umewasili, na yote uliyoyataja nimeyafahamu, na kitu ulichokileta kimefika.

Kimefika. Msomaji wa leo, hasa aliyefunzwa shule za Kizungu, huipita sentensi hiyo upesi akitafuta neno "asante", na asipolikuta huona kwamba mwandishi amepokea kwa ukavu. Lakini tuangalie hali ya zawadi wakati huo. Zawadi haikuwa jambo la watu wawili. Ilikuwa ya watatu: mtoaji, mpokeaji na mchukuzi. Kitambaa, tende, kanzu au sukari ilikabidhiwa nahodha wa jahazi au mtu wa msafara, na waraka uliandamana nayo ukitaja kila kilichomo na mkono uliokichukua. Aliyepokea alipojibu kwamba vitu vimefika, akavitaja kimoja kimoja, alikuwa akifanya mambo kadhaa kwa pumzi moja. Alimwondolea mtoaji wasiwasi. Alimsafisha mchukuzi, ambaye jina lake lilikuwa rehani njia nzima. Na alionyesha kwamba amevifungua vitu, amevitazama, hakuvitupa pembeni. Kutaja kanga mbili na kibaba cha mchele kwa majina yao ni kuvipa heshima ambayo neno moja la jumla haliwezi kuvipa.

Baada ya taarifa hiyo ilifuata dua: Mungu akuzidishie, akulinde, akulipe kheri. Hapa tena mantiki ni tofauti na ya kadi ya Ulaya. Mpokeaji hakujifanya kwamba anaweza kulipa kwa maneno. Alimkabidhi mtoaji kwa Mwenye uwezo wa kulipa. Kisha, na hili ndilo lililowachanganya wageni, kabla ya salamu za mwisho mara nyingi lilikuja ombi. Ukipata nafasi, nitafutie kitu fulani. Na ukiwa na haja yoyote huku, nijulishe. Ombi na ahadi vilikwenda pamoja. Anayeomba amekiri kwamba anayeombwa ni mtu wake. Na anayesema "ukiwa na haja nijulishe" amefungua mlango wa upande wa pili. Barua isiyo na haja yoyote ndani yake ilikuwa karibu na barua ya kuagana.

Tukirudi kwa mgonjwa wa Lévy-Bruhl, tunaweza sasa kumtazama kwa jicho jingine. Hatusemi kwamba kila mgonjwa wa Kongo alikuwa na adabu ya waraka wa pwani kichwani. Wengi wao hawakuwahi kuuona. Tunasema tu kwamba katika eneo kubwa la Afrika, kumwomba mtu aliyekutendea wema ni njia moja ya kumwambia kwamba wema wake umepokewa na kwamba uhusiano umeanza. Marcel Mauss, katika insha yake juu ya zawadi iliyotoka mwaka 1925, miaka mitatu tu baada ya kitabu cha Lévy-Bruhl, alikaribia zaidi ukweli huo alipoonyesha kwamba kutoa, kupokea na kurudisha ni wajibu unaounganisha watu na si matendo matatu yaliyotengana.

Njia ya Ituri

Waraka ulisafiri bara pamoja na misafara. Xavier Luffin, tangu mwaka 2007, amechapisha uchunguzi wa nyaraka za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu zilizoandikwa Kongo mwishoni mwa karne ya 19 na kuhifadhiwa Ubelgiji. Nyaraka hizo zinathibitisha kwamba Waungwana wa bara walitumia mitindo ileile ya anwani na salamu iliyotumika pwani, ijapokuwa tahajia zao zilitofautiana sana.

Ituri ilikuwa ukingo wa kaskazini wa ulimwengu huo. Mwaka 1887 msafara wa Stanley ulipopita katika msitu ulikuta kambi ya watu wa Kilonga-Longa huko Ipoto. Mwaka uliofuata, karibu na Ziwa Albert, chifu Kavalli alimkabidhi Stanley barua ya Emin Pasha aliyokuwa ameitunza. Wakati huohuo wa Aprili 1888 Mazamboni, ambaye watu wake walipigana na msafara huo miezi michache kabla, alipatana nao, na zawadi zikapita pande zote mbili. Hapakuandikwa kadi. Lakini tusisahau kwamba wapagazi wa msafara huo kwa sehemu kubwa walitoka Zanzibar, na kwamba Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zilizowezesha kusemwa kwamba mbuzi amefika na kitambaa kimefika.

Vita vya Dola Huru ya Kongo dhidi ya Waungwana, 1892 hadi 1894, vilivunja nguvu ya wafanyabiashara hao, na hati ya Kiarabu ikafifia pamoja nao. Kiswahili hakikufifia. Kiliendelea kwa jina la Kingwana, na kikaingia katika herufi za Kilatini kupitia misheni na migodi. Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na migodi ya Kilo-Moto ikawakusanya wafanyakazi kutoka sehemu nyingi, watu ambao walikuwa na jambo la kuandika nyumbani na karani wa kuwaandikia. Upande wa Kanisa Katoliki, Vikarieti ya Ziwa Albert iliundwa mwaka 1933 chini ya Mapadre Weupe, na mwaka 1959, pamoja na vikarieti nyingine za Kongo, ikapandishwa kuwa dayosisi.

Barua ya Kingwana ilipoteza anwani ya Kiarabu, lakini tukiilinganisha na waraka wa pwani tunaona mifupa ileile. Salamu ndefu, za jina kwa jina. Habari ya afya: sisi tuko wazima, tunaomba barua hii ikukute mzima. Kisha: vitu ulivyotuma kwa mkono wa fulani tumevipata vyote. Kisha aksanti, kisha Mungu akubariki mahali pa Mungu akujaalie. Na kabla ya kufunga, ombi. Mwalimu wa shule anayesahihisha barua hiyo huweka alama nyekundu kwenye ombi na kuandika kwamba haliingii hapo. Mwanafunzi hukubali kwa ajili ya mtihani.

Kadi na kaye

Baada ya Vita Kuu ya Pili utawala wa Ubelgiji uliunda tabaka la watu waliojulikana kama évolués. Cheti cha sifa za uraia kilianzishwa mwaka 1948, na utaratibu wa kuandikishwa kisheria ukafuata mwaka 1952. Mwombaji alichunguzwa hata jinsi nyumba yake ilivyopangwa. Jarida la La Voix du Congolais, lililotoka 1945 hadi 1959 chini ya uhariri wa Antoine-Roger Bolamba, lilikuwa uwanja wa mijadala kuhusu mwenendo unaomfaa mtu wa tabaka hilo. Adabu ya Kifaransa na Kibelgiji ilikuwa na kanuni zake za kadi: mtu aliweza kuandika pembeni mwa kadi yenye jina lake herufi mbili tu, p.r., yaani pour remercier, na kwa herufi hizo deni la heshima likawa limelipwa. Kwa mtu aliyelelewa katika salamu za jina kwa jina, shukrani ya herufi mbili ni kitu cha ajabu. Hata hivyo walikuwapo walioipenda, kwani wepesi wake ulikuwa na uhuru ndani yake: hapakuwa na ombi lililotarajiwa kurudi.

Kadi haikuishinda barua, na kwa sehemu sababu ni za kawaida kabisa. Katika miongo ya mwisho ya Zaire posta ilidhoofika hata haikutegemewa tena, na barua zikarudi mikononi mwa wasafiri, kama zamani za majahazi. Katika Ituri ndege ndogo za wamisionari zilikuwa mojawapo ya njia hizo. Shirika la MAF lilikuwa na kituo chake Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, hadi mauaji ya Septemba 2002 yalipowalazimisha watu kuhama. Barua ikiwa mkononi mwa mtu anayejulikana, mchukuzi anarudi kuwa mtu wa tatu katika shukrani, na sentensi ya "vimefika vyote" inapata tena uzito wake wa kale.

Lakini andiko muhimu kuliko yote katika adabu ya zawadi mijini mwetu si barua wala kadi. Ni daftari, ambalo Kongo huitwa kaye. Msomaji anayetoka sehemu yoyote ya Afrika Mashariki analijua. Penye matanga au harusi, mtu mmoja mwenye mwandiko safi huketi mezani, na kila anayeleta mchango huandikwa jina lake na kiasi alichotoa, iwe fedha, mbuzi, unga au kuni. Mgeni huweza kudhani kwamba hiyo ni hesabu ya fedha tu. Sivyo. Kaye haifungwi sherehe inapokwisha. Huwekwa, na siku jirani anapopatwa na msiba au anapooza mwana, hufunguliwa ili ionekane yeye alileta nini. Shukrani hailipwi papo hapo kwa maneno. Huahirishwa hadi siku ya haja ya mwenzako, na kulipa chini ya kilichoandikwa ni aibu. Tungependa kusema kwamba kaye ndiyo barua ya shukrani iliyo ndefu kuliko zote, ambayo mpokeaji hujiandikia mwenyewe ili asisahau.

Pamoja na kaye kuna shukrani ya hadharani. Nchini Tanzania magazeti kama Uhuru yamezoea kuchapisha matangazo ya shukrani baada ya msiba, ambamo familia huwashukuru wote waliosaidia kwa hali na mali, ikiomba radhi kwamba si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina. Kongo ya mashariki, ambako magazeti huwafikia wachache, kazi hiyo hufanywa na tangazo la mimbarini na la redio. Maneno "kwa hali na mali" yanastahili kutazamwa: yanamweka aliyekuja kukaa tu na wafiwa katika mstari mmoja na aliyeleta ng'ombe. Na ile radhi ya kutomtaja kila mmoja ni ushahidi kwamba kanuni ya kweli ni kumtaja kila mmoja. Huombi radhi kwa kuvunja kanuni isiyokuwapo.

Mei 2003 na baadaye

Mapema Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipokuwa yakiondoka Bunia, wanamgambo walianza kuupigania mji. Parokia ya Nyakasanza, ambako watu walikimbilia wakiamini kwamba pale hapataguswa, ilivamiwa, na humo wakauawa mapadre na waliojificha pamoja nao. Nyumba ziliporwa. Maelfu ya watu walijikusanya karibu na uwanja wa ndege na karibu na makao ya Umoja wa Mataifa, hadi kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kilipowasili mwezi Juni na kukaa hadi Septemba.

Mwanahistoria wa vita huhesabu waliouawa, na ndivyo inavyopasa. Sisi, kwa kuwa tunazungumzia shukrani, tutaongeza jambo ambalo halimo katika ripoti. Nyumba inapochomwa, kaye huungua. Pamoja nayo hutoweka kumbukumbu ya nani alimletea nani nini, mara nyingi kwa kuvuka mipaka ya makabila, kwani matanga ya mtaa wa mchanganyiko hayakuuliza kabila la mleta kuni. Vita vilivyowagawa watu wa Ituri kuwa Wahema na Walendu viliharibu pia maandishi yaliyothibitisha kwamba walikuwa wakidaiana wema. Deni lisiloandikwa ni rahisi kukanushwa, hasa na kijana ambaye hakuwapo.

Katika kambi mpokeaji alikutana na aina nyingine ya zawadi. Unga, mafuta, turubai na sabuni vilitoka kwa watoaji wasioonekana. Mtu alionyesha jetoni yake, akachukua mgao, akaweka dole gumba kwenye orodha. Kwa mtazamo wa makala haya, dole gumba hilo ni kitu cha kustaajabisha: ni taarifa ya kufika, ileile sentensi ya waraka wa pwani, lakini imekatwa viungo vyake vyote. Hakuna anwani, hakuna salamu, hakuna dua, hakuna ombi, na mtoaji hataisoma. Itasomwa na mkaguzi wa hesabu. Mchukuzi, ambaye zamani alikuwa mtu wa tatu, amebaki peke yake, na ndiye anayesafishwa jina.

Si ajabu, basi, kwamba watu walioishi kambini walijaribu kuvirudisha viungo hivyo. Kamati za wakimbizi, hapo na kwingineko, huandika barua kwa mashirika: salamu ndefu, orodha ya vilivyofika, aksanti, Mungu awabariki, kisha haja zilizobaki, moja baada ya nyingine. Ofisini barua ya namna hiyo hupelekwa kwenye jalada la maombi. Aliyeiandika anadhani amepeleka barua ya shukrani. Wote wawili wameisoma kwa uaminifu, kila mmoja kwa adabu yake, na hapo ndipo tuhuma ya mwaka 1922 inapozaliwa upya bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Jambo hili si la zamani. Tangu mwisho wa mwaka 2017, mapigano yalipoanza tena wilayani Djugu, wimbi jingine la watu lilikimbilia Bunia, na kambi kama ya Kigonze zikaanzishwa. Dole gumba limerudi kazini.

Kuna kalamu mpya pia. Simu za mkononi zilienea baada ya vita, na mwaka 2012 huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Kongo, miaka mitano baada ya Kenya. Mtoto aliyeko Kampala, Kinshasa au Ulaya humtumia mama yake fedha, na kabla mama hajaweka simu chini, mtambo umekwisha kumjulisha mtumaji kwamba kiasi fulani kimepokewa na nani, saa ngapi. Kwa hesabu, hakuna kilichobaki kuelezwa. Mchukuzi amejisafisha mwenyewe. Lakini waulize watumaji. Mama asipoandika, mtoto hulalamika kwa ndugu zake, na lalamiko lake si kwamba hakushukuriwa. Husema: nilituma tangu juzi, hata sijui kama zimefika.